Misitu ya Mizimu na Buti za Askari: Kutoka Kaya za Pwani Hadi Busia na Tororo

Askari aliyepata kupangiwa lindo katika mpaka wa Busia au wa Malaba anaijua vema barabara itokayo bandari ya Mombasa. Usiku na mchana malori huwasili hapo yakiwa yamebeba ngano, chuma, mafuta na mitumba, na dereva ashukapo kunyoosha miguu huwa amekwisha safiri zaidi ya kilomita 900. Sisi tulio huku mwisho wa safari hiyo hutazama mizigo na hati zake, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyopewa. Ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba kule barabara ianziako, karibu na bahari, viko vilima vilivyofunikwa na misitu ambayo haikukatwa hata pale ambapo kila kitu kando yake kimekwisha katwa.

Misitu hiyo huitwa kaya, na wenyewe ni Wamijikenda. Tumeona vema kuziandika habari zake katika ukurasa huu wa askari kwa kuwa historia ya kaya, tangu mwanzo wake, ni historia ya ulinzi. Na pia kwa kuwa katika wilaya za Busia na Tororo, na ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Busia ya Kenya, ipo miti na ipo fikra ya wazee iliyo ndugu na ile ya pwani. Juu ya hiyo doria zetu hupita bila kuuliza.

Ngome iliyoota

Wamijikenda ni watu wa makabila tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Masimulizi yao yasema kwamba walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakasukumwa kusini na mashambulio ya Waoromo. Walipofika nyuma ya Mombasa hawakujenga bondeni. Tangu karne ya 16 walipanda juu ya vilima, wakafyeka uwanja katikati ya msitu, wakajenga vijiji vyao humo na kuuacha mzingo mnene wa miti pande zote.

Mwenye kufundishwa kazi ya askari hahitaji kuelezwa sana. Adui hakuweza kuufikia uwanja ule kwa mstari mpana. Ilimlazimu kupita katika vijia vyembamba, mtu nyuma ya mtu, hadi langoni, na hapo aliyekuwa ndani alimwona kabla hajaonwa. Tena langoni na ndani ya uwanja palizikwa fingo, dawa ya kinga ambayo kila kabila lasema liliileta kutoka Singwaya. Mlinzi wa nje alikuwa mti, na mlinzi wa ndani alikuwa fingo. Waliokufa walizikwa humo humo msituni.

Hatari ilipopungua watu walianza kutoka, wakaenda kulima penye ardhi pana. Kufikia miaka ya 1940 vijiji vya ndani ya kaya vilikuwa vitupu. Kwa hesabu ya kawaida, msitu usio na wakazi, wenye magogo mazuri na ulio karibu na soko la Mombasa, ungekwisha katika kizazi kimoja. Haikuwa hivyo. Wazee wa kambi, yaani baraza la kaya, waliendelea kushika sheria ile ile: usikate, usilishe mifugo, usiiache njia, usitoe kitu. Aliyevunja sheria alitozwa mnyama wa kafara, naye mwenyewe alilala kwa hofu, kwa maana aliowakosea hawakuwa wazee wa baraza tu bali na waliolala chini ya miti.

Fikra iliyoko hapo, kwa kadiri tunavyoielewa sisi, ni nyepesi kueleza ingawa si nyepesi kuishika. Msitu ni nyumba. Una wenyewe, na wenyewe hao ni waliotangulia, walioko na watakaokuja. Basi aingiaye hubisha hodi, huongozwa, na hutoka mikono mitupu. Wataalamu wa mimea walipozipima kaya hizi katika miaka ya 1980 na baada yake walikuta humo mimea adimu ambayo kwingineko pwani imekwisha toweka. Wazee hawakuwa na orodha ya mimea hiyo, wala hawakuihitaji.

Baruti ya mwaka 1914

Sasa hatuna budi kutaja mambo ambayo wenye sare hawayapendi.

Mwaka 1913 mama mmoja wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, aliwaapisha watu wake katika Kaya Fungo wakatae kazi ya kulazimishwa na kodi ya Waingereza. Serikali ya kikoloni ilimkamata pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka uhamishoni Kisii, upande huu wa magharibi. Mwanzoni mwa mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwao pwani. Ndipo mwezi wa Agosti mwaka huo wakuu wa serikali, wakiamini kwamba nguvu ya Wagiriama ilikuwa katika kaya, wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Tendo hilo halikuleta amani iliyotarajiwa. Lilizidisha vita, na askari wa King's African Rifles wakaingia kuchoma vijiji. Askari hao walikuwa Waafrika kama sisi.

Tukio la pili ni la siku za karibu zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua polisi sita na kuiba makumi ya bunduki, kisha wakawageukia raia waliotoka bara. Ilikuja kufahamika kwamba baadhi yao walikuwa wameapishwa na kufanyishwa mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini Kenya, ilisikiliza ushahidi mrefu juu ya mambo hayo, na nyuma ya viapo palionekana mkono wa siasa za uchaguzi. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo kila mzee aliyevaa kaniki alitazamwa kama mkuu wa waasi.

Twalitaja jambo hili kwa sababu askari aliyefiwa na wenzake ana haki ya kuuliza: je, tuuheshimu msitu uliotumika kutuua? Jawabu letu ni kwamba wavamizi wale waliiba heshima ya kaya kama walivyoiba bunduki za kituo. Bunduki ya serikali ikitumika katika ujambazi hatuvunji ghala, twamtafuta aliyeichukua. Na msitu hali kadhalika. Mzee wa kaya anayeaminiwa ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba wageni wameanza kulala msituni, na polisi aliyemtukana jana hataambiwa lolote leo.

Kwa wenzetu wa polisi lipo na fundisho jingine, nalo ni la vigango. Hizi ni nguzo za mbao zilizochongwa, ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliokufa. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baada ya muda mfupi vigango vile viliibwa. Miaka 14 ikapita, hata mwaka 1999 mama yule akakiona kimojawapo katika picha ya mali ya makumbusho ya chuo kikuu kimoja huko Illinois. Cha pili kikaja kugunduliwa katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ile picha ya mwaka 1985 ndiyo iliyokuwa ushahidi, na kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerejea kwa wenyewe. Makumbusho ya Denver nayo ilivirudisha vigango 30, vikawasili Nairobi mwaka 2019. Mbao hizo zilisafiri kwa hati za sanaa na mapambo. Ofisa wa mpakani afunguaye sanduku na kuona nguzo kuukuu iliyochongwa uso wa mtu asidhani kwamba ni kuni.

Mgeni alipaye ili atii

Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na leo zilizotangazwa ni zaidi ya 40. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziingiza baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya ziliwekwa katika orodha ya mambo yahitajiyo kuokolewa kwa haraka. Heshima hizo ni kubwa, lakini karatasi haizuii shoka. Jambo lililotuvutia zaidi ni lile lililofanywa na Wadigo wa Kinondo, kusini ya Diani katika Kwale.

Kaya Kinondo ni ndogo, kiasi cha hekta 30 tu, nayo iko karibu kabisa na mahoteli ya watalii. Kwingineko pwani ujirani wa namna hiyo umekuwa ni msiba kwa msitu. Watu wa Kinondo waliamua mwaka 2001 kuwafungulia wageni mlango, ila kwa masharti ya nyumba. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Huvua kofia, na twadhani hata bereti haisameheki. Huahidi kutobusu mtu ndani ya msitu. Huongozwa na kijana wa pale pale ambaye humweleza mti huu watibu nini na ule kwa nini hauguswi. Haokoti jani wala jiwe. Akimaliza hulipa, na fedha husaidia jamii.

Utalii tuliouzoea kuusikia ni wa mtu kulipa ili atumikiwe. Huu ni wa mtu kulipa ili afundishwe adabu, na wageni waja. Wanafunzi wa shule waja pia, na hao kwa maoni yetu ndio wenye faida kubwa zaidi kuliko Mzungu mwenye kamera, kwa kuwa kijana wa Kidigo aonaye wageni wakimsikiliza babu yake kwa makini huanza kumsikiliza yeye mwenyewe. Maarifa yaliyokuwa yakizikwa pamoja na kila mzee yakapata warithi wenye ujira.

Na askari Mwislamu au Mkristo asiingiwe na wasiwasi hapa. Wadigo wengi ni Waislamu, na miongoni mwa Wagiriama Wakristo ni wengi. Kuvua kofia katika nyumba ya mtu si kuabudu mizimu yake.

Were wa uani na Were wa porini

Turudi sasa mpakani kwetu. Mstari tuulindao uliwapasua watu waliokuwa wamoja. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika himaya ambayo leo ni Kenya, na hivyo Wasamia wakawa huku na huko, na Wateso vile vile. Lakini jina la Mungu halikupasuliwa. Wapadhola wa Tororo humwita Were. Na ng'ambo ya mpaka Waluhya humwita Were au Wele.

Mwanahistoria marehemu Bethwell Ogot, aliyefanya utafiti mrefu katika Padhola, ameandika kwamba Wapadhola walimjua Were kwa nafsi mbili. Were Madiodipo ni Were wa uani, alindaye mji na watoto. Were Othim ni Were wa porini, naye ndiye aliyemwongoza mtu atokapo kwenda kuwinda, safarini au vitani. Tulipolisoma hilo mara ya kwanza tulisimama kidogo, kwa sababu katika shule ya kadeti tulifundishwa kusoma ramani, na kwenye ramani pori ni rangi ya kijani tu: maficho ya adui au maficho yetu. Mpiganaji wa Kipadhola wa zamani alipovuka kizingiti cha mji hakuingia mahali pasipo mwenyewe. Alitoka katika ulinzi mmoja akaingia katika ulinzi mwingine, na adabu yake ilimfuata huko.

Majirani zao Wabukusu na jamaa wengine wa Kiluhya wanao mti uitwao murembe, wenye miiba gomeni na maua mekundu kama makaa. Kwa mila mti huo haufanywi kuni. Mtu aliyeshitakiwa akakana aliletwa mbele yake auchome kwa mkuki, na ilisadikiwa kwamba mwenye kusema uwongo hatadumu. Polisi wa leo hawezi kuupeleka murembe mahakamani, na haifai ajaribu. Lakini aukataye mti huo kwa ajili ya moto wa lindo amevunja baraza la watu, hata kama alidhani amevunja tawi.

Hayo ni mambo ya mti mmoja mmoja. Msitu wenyewe una hali gani? Msitu wa hifadhi wa West Bugwe katika wilaya ya Busia una eneo la kilomita za mraba 30 hivi. Uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria ipo, walinzi wapo ingawa ni wachache, na mipaka yajulikana. Hata hivyo mkaa, mbao na mashamba vimeula msitu ule kwa miaka mingi. Jirani yake ni Busitema, ambao abiria wa barabara ya Jinja hadi Tororo huujua kwa jambo moja tu, yaani nyani wanaongojea ndizi kando ya lami. Watu hupita hapo kila siku, na ukiwauliza juu ya msitu watakuambia habari za nyani.

Tofauti yake na Kinondo si sheria. Ni kwamba mchoma mkaa wa Bugwe aingiapo msituni huona kwamba aiibia serikali, na serikali iko mbali. Kumbe yule wa pwani aingiapo kaya huona kwamba amwibia babu, na babu yupo hapo hapo. Mei 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi yetu, majeshi na polisi ndio waliotakiwa kuhakikisha kwamba amri hiyo yatekelezwa. Twajua basi ugumu wa kazi yenyewe: lori moja likikamatwa, mengine hupita kwa njia za panya. Hakuna idadi ya askari iwezayo kusimama chini ya kila mti. Na tuseme kweli, kambi nazo hupika, na si kila gogo la jiko la kombania huulizwa lilikotoka.

Ndiyo sababu twaona kwamba mpaka huu wastahili ziara za mafunzo kama zile za Kinondo, na vitu vya kuonyesha si haba. Lipo Jabali la Tororo, kiini cha volkano ya kale, lenye kimo cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, ambalo wageni hulipanda kwa ngazi na kuiona Kenya kwa macho. Na chini yake waona pia machimbo ya mawe ya saruji yaliyoanza miaka ya 1950, wakajipimia wenyewe mlima huliwa namna gani. Kipo Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho kwa jina lake chadaiwa na msitu ule. Wapo wazee wa Padhola, Samia na Teso. Wanachokosa ni mtu wa kuwaweka mbele ya wanafunzi na kuwalipa kwa elimu yao.

Mfano wa kuanzia upo karibu. Ng'ambo ya Malaba, katika vilima vya Chelelemuk, liko pango la Kakapel, lililotangazwa kumbukumbu ya taifa la Kenya mwaka 2004. Juu ya mwamba wake kuna picha za kale za ng'ombe na za maumbo ya duara na mistari, zilizo jamaa na zile za Nyero kwetu Kumi. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba katika udongo wa pango hilo, palipokaa watu tangu miaka 9,000 iliyopita, walikuta kunde yenye umri wa miaka 2,300, na mbegu za wimbi zenye umri wa miaka 1,000. Kunde hiyo ndiyo ushahidi wa kale zaidi wa mmea wa kulimwa uliopata kuonekana katika Afrika Mashariki, na jikoni mwetu yapikwa hadi leo.

Askari wa Uganda atakaye kwenda Kakapel siku yake ya mapumziko aombe ruhusa ya mkuu wake, aende kwa nguo za kiraia na bila silaha. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda waweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Afikapo amtafute mlinzi wa mahali kabla ya kupanda mwambani, asikilize aelezwayo, wala asiziguse picha kwa mkono, kwa maana mafuta ya vidole huzifuta.